Nilikaa Upande wa Wanaouliza

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelifungia viatu kabla hajafika ukurasa huu, nitamweka sawa haraka haraka kisha twende.

Mimi ni yule mwanamke wa mapokezi ya duka la vigae, duka lenyewe limeshafungwa, na sasa kazi yangu ni kuomba kazi zisizonihusu. Niliomba ukalimani wa lugha ambayo najua salamu tu, na salamu zilipokwisha, usaili nao ukaisha. Niliomba kufundisha watu kuogelea. Wakaniambia niingie majini niwaonyeshe kidogo, na yaliyofuata mliyasoma wenyewe.

Naishi kwa mama mkwe, maana mume wangu ni dereva wa lori na nyumbani hupita kama mgeni. Mama mkwe akatoa neno la mwisho: usaili wa kiwanda cha magodoro ukinishinda, nafungasha nguo naenda kwa baba mdogo wa mume wangu, kuhudumia mabanda ya kuku. Mume wangu kwenye simu akasema mama ana hoja.

Kuku nawaogopa. Sisemi hivyo kwa kujidekeza. Kuku akinitazama kwa lile jicho lake la upande, nabadili njia.

Basi nikaenda kiwandani nimewahi kupita kiasi. Kazi ilikuwa Meneja wa Malalamiko ya Wateja. Walitaka shahada, uzoefu wa miaka kumi, lugha tatu na kifua cha kuongoza watu. Mimi nina cheti cha uhazili na sauti nzuri ya simu.

Chumba kilikuwa kitupu. Meza ndefu, viti kadhaa upande mmoja, kiti kimoja upande wa pili. Sasa, mtu aliyekaa mapokezi miaka yote hawezi kuupa mlango mgongo, mwili wenyewe unakataa. Nikaizunguka meza, nikakaa upande unaotazama mlango. Ndipo wakaingia wasaili watatu, wakanikuta nimetulia, wakanipa mkono, wakaniita Mtaalamu.

Kumbe walikuwa wanamsubiri mtaalamu kutoka nje, mwanamke, waliyewasiliana naye kwa barua pepe tu. Tuliishia hapo, nimeshamiminiwa maji.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mbona hukusema?

Nilitaka kusema! Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Mkurugenzi, mama mrefu wa miwani, alikuwa ameshanivutia kiti karibu yake, na Bwana Utumishi, mwenye kalamu mbili mfukoni na ya tatu sikioni, alikuwa ananiwekea mbele wasifu za waombaji. Wa juu kabisa ulikuwa wa mtu mwenye shahada mbili. Nikaufunga mdomo.

"Mtaalamu, una maoni yoyote kabla hatujaanza?" aliuliza Mkurugenzi.

"Tuanze tu," nikasema, kwa ile sauti yangu ya simu.

Msaili wa tatu alikuwa Mzee wa Mashine, mkuu wa uzalishaji. Huyo alikuwa na macho mekundu ya kukesha na mashine iliyoharibika, na alipokaa tu akaanza kusinzia akiwa wima, bila kuinamisha hata shingo.

Akaingia mwombaji wa kwanza. Tai nyekundu, viatu vinavyong'aa, mwenye zile shahada mbili. Alijieleza kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alisema yeye na malalamiko ni marafiki wa utotoni. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu, najiambia, mama we, huyu ndiye mshindani wako, na wewe unamtikisia kichwa.

"Mtaalamu, swali lako," akasema Bwana Utumishi.

Wote wakanigeukia. Mzee wa Mashine akafumbua jicho moja.

Kichwani mwangu hakukuwa na swali hata la dawa. Kulikuwa na kuku tu. Kuku weupe, banda zima, wananitazama.

"Je," nikasema, "kuku unawaogopa?"

Kalamu ya Bwana Utumishi ikasimama.

Yule wa tai nyekundu akatabasamu, akaacha, akatabasamu tena. "Kuku, kuku wa kawaida?"

"Wa kawaida."

"Kuwaogopa kwa maana gani, mheshimiwa?"

"Jibu unavyoelewa."

Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Akaeleza kwamba kuku kama kuku hamwogopi, ila anamheshimu, na kwamba katika uongozi wa kisasa kuku anaweza kuwa changamoto au fursa. Alipofika kwenye fursa alikuwa ameshalegeza tai, na alipotoka aliugonga mlango badala ya kuufungua.

Nikajua nimekwisha. Nikaanza kuuvuta mkoba wangu polepole chini ya meza.

"Hilo swali," alisema Bwana Utumishi, anaandika kwa kalamu ya sikioni, "umelitoa chuo gani? Mtu anajieleza kwa robo saa sijamwelewa, wewe kwa neno moja umemvua nguo zote."

"Tumuulize kila anayeingia," alisema Mzee wa Mashine, ambaye sasa alikuwa macho kabisa.

Mkurugenzi aliniangalia juu ya miwani yake, akainama kuandika.

Wapenzi wasomaji, naomba mnielewe. Nilikuja pale natarajia kuulizwa nisiyoyajua na kutolewa kwa adabu. Sasa wasomi walikuwa wanapangwa mbele yangu, wanatoka majasho kwa ajili ya kuku. Raha niliyoisikia, ningeimwaga ingejaza ndoo. Niliagiza hata maji mengine.

Akaingia wa pili, dada mmoja mwembamba mwenye uzoefu wa viwanda vitatu. Alipofika kwenye swali la kuku akalia. Si machozi ya mzaha, alilia kweli kweli, akasema hajui kwa nini analia, ila alipoomba hii kazi alijua tangu mwanzo kwamba hafai na leo mtu amemgundua.

"Lugha tatu ninazo mbili," alisema huku akijifuta. "Na uzoefu wa miaka kumi nimeujumlisha na likizo ya uzazi."

Nilitamani kumkumbatia. Nikampa leso yangu. Bwana Utumishi akaandika kwamba Mtaalamu ana mkono wa huruma.

Alipotoka, nikauliza lile ambalo limenikaa kooni tangu nianze kuomba kazi. "Samahani, hizi sifa mlizoweka kwenye tangazo, kuna mtu anazo zote?"

Bwana Utumishi akacheka. "Hakuna. Tangazo lenyewe nililinakili kutoka kiwanda cha saruji. Nikabadilisha jina tu."

"Hata mimi sina," alisema Mzee wa Mashine.

"Wewe huna hata moja," alisema Mkurugenzi, na wote wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, maana nilikuwa nakumbuka usingizi wote nilioukosa kwa ajili ya lugha ya tatu ya kiwanda cha saruji.

Kicheko kikanikaukia mdomoni. Bwana Utumishi alikuwa ameshika wasifu unaofuata, na niliitambua ile karatasi. Pembeni ilikuwa na kidoa cha chai. Chai ya kwetu.

"Wa tatu," alisema. Dada wa mapokezi akaita nje ukumbini. Akaita tena. "Hayupo," akasema. "Wa vigae hayupo."

"Wa vigae?" aliuliza Mzee wa Mashine.

"Alikuwa mapokezi ya duka la vigae. Shahada hana. Uzoefu wa uongozi, ameandika, nakusomea kama alivyoandika: 'Nimeongoza wateja kwenye rafu.'"

Wakacheka. Mzee wa Mashine akapiga meza.

Ninyi mmeshawahi kukaa mahali mkasikia watu wanawacheka, nanyi mkalazimika kucheka pamoja nao? Nilicheka. Lakini masikio yalikuwa yanawaka moto, na kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Mteja aliyekasirika, mbele ya rafu za vigae vinavyovunjika, si mtu mdogo," nikasema.

Mzee wa Mashine akaondoa mkono mezani.

"Endelea," alisema Mkurugenzi.

"Nasema tu, mtu aliyeandika vile anaweza kuwa, anaweza kuwa mtu mzuri sana. Mchangamfu. Mwenye, mwenye afya."

"Mwenye afya," alirudia Bwana Utumishi, akaandika.

"Na anaonekana ana familia inayomtegemea asiende mbali. Kwa mfano asiende kufanya kazi za shamba."

"Hayo umeyaona wapi kwenye wasifu?"

"Katikati ya mistari," nikajibu, na kijasho chembamba kinanishuka mgongoni.

Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta taratibu. "Na mimi huyu nataka kumwona. Pengine amechelewa tu. Mpigie simu."

Nilijaribu kuufikia mkoba. Kwa nini sikuizima ile simu nitajiuliza mpaka kaburini. Bwana Utumishi akabonyeza namba, akaweka simu sikioni, na mkoba wangu ukaanza kuimba. Si kulia, kuimba. Mume wangu aliniwekea sauti yake mwenyewe kama mlio, anaimba wimbo wa kunichombeza aliojitungia barabarani, na kwenye kipande cha juu anakosa pumzi.

"Nyumbani hao!" nikaruka. "Samahani, kuna mgonjwa, samahani!" Nikatoka mbio, nikampita dada wa mapokezi, nikajitupa kwenye chumba cha mafagio na kufunga mlango.

"Haloo," nikasema, tulivu kama maji ya mtungini.

"Habari yako dada, napiga kutoka kiwanda cha magodoro," ilisema sauti ya Bwana Utumishi, na niliisikia mara mbili, simuni na ukutani. "Tulikutegemea kwenye usaili."

"Oo, poleni sana. Niko njiani, barabara imefungwa huku."

"Umefika wapi?"

Nikatazama. Ndoo, matambara, sabuni. "Nipo sehemu finyu kidogo. Lakini nawaona kabisa."

"Unatuona?"

"Kiwanda. Nakiona kwa mbali."

"Basi njoo, utaingia wa mwisho. Na dada," akasita, "una sauti nzuri sana."

Nilirudi chumbani nimejipangusa. Bwana Utumishi alikuwa anawaambia wenzake kwamba wa vigae ana sauti ambayo mteja akiisikia atasahau hata godoro lenyewe. Nikakaa kitini pangu. Sasa nilikuwa na deni la kuingia kwenye mlango uleule ninaoutazama, nikiwa nimekaa hapohapo. Sikujua nitafanyaje. Lakini nitasema ukweli: hofu ilikuwa imeshapita kipimo na kugeuka kicheko, nikawa naminya midomo kwa vidole.

"Wa nne," aliita dada wa mapokezi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke wa makamo, mnene wa wastani, amevaa gauni la kijani ambalo hulivaa harusini tu, mkoba mikononi, mgongo wima.

Mama mkwe.

Mama mkwe wangu, ambaye asubuhi ile nilimwacha jikoni na kanga mbili, anakoroga chai, ananiambia, "Nenda mwanangu, ukirudi begi lako liko juu ya kabati." Mama mkwe anayeshona mapazia sebuleni tangu ujana wake, asiyewahi kuajiriwa na mtu.

Akili ilisema, jifiche. Inamia karatasi, kohoa, ingia chini ya meza. Lakini magoti yangu yamelelewa. Yalininyanyua yenyewe, mikono ikajikunja mbele, na mdomo ukatoa sauti chumba kizima kikasikia:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu mama mkwe, kwa mazoea, kabla hajaniona vizuri. Kisha akaniona vizuri.

Tulitazamana. Macho yake yalitoka kwangu, yakaenda kwenye bilauri yangu ya maji, yakaenda kwenye wasifu zilizopangwa mbele yangu, yakarudi.

"Mnafahamiana?" aliuliza Mkurugenzi.

Wasomaji, roho yangu ilikuwa mkononi. Neno moja tu la mama yule, na mimi siko kwa kuku, niko kituo cha polisi.

"Tufahamiane wapi?" alisema mama mkwe, akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Mtoto aliyefunzwa akimwona mtu mzima anasimama. Wengine hapa sijaona mtu akisimama."

Bwana Utumishi akasimama. Mzee wa Mashine akasimama. Wakatoa shikamoo zao mmoja mmoja, na mama mkwe akazipokea zote kama mwenye nyumba.

"Ingawa huyo binti," aliongeza, akinielekezea kidevu, "kichwa angekichana vizuri kabla ya kutoka kwao."

"Nitazingatia, mama," nikasema.

Mkurugenzi akauliza kuhusu shahada. Mama mkwe akasema hana. Uzoefu wa ofisini? Hana. Lugha tatu?

"Ninayo hii," alisema, "na nikiisema kwa sauti wanaelewa hata wasioijua."

"Mteja akija na malalamiko, unafanyaje?" aliuliza Mzee wa Mashine, ambaye alikuwa ameegemea mbele kama mtu aliyeko mpirani.

"Mimi nashona mapazia. Mtu akija kulalamika, namkalisha, namuuliza nani alipima dirisha. Ni yeye. Namuuliza nani alichagua kitambaa. Ni yeye. Kwangu mteja huja na hasira akaondoka ameniomba radhi, na mara nyingi ameagiza jingine."

Mzee wa Mashine alifumba macho kwa furaha. Nadhani alikuwa anawaona wateja wake wote, mmoja mmoja, wakimwomba radhi.

"Mtaalamu," alisema Bwana Utumishi. "Swali lako."

"Mama, kuku unawaogopa?"

Mama mkwe akaninyooshea jicho ambalo kuku wote duniani wangejifunza kwake. "Mimi siogopi kuku. Kwangu yuko anayewaogopa, na nimemwambia dawa yake ni kuwazoea."

"Labda hana haja ya kuwazoea," nikasema. "Labda aombewe msamaha."

"Labda," alisema mama mkwe, "kama atanieleza leo jioni mambo fulani."

"Swali la mwisho," alisema Mkurugenzi. "Mama, hujawahi kuomba kazi maisha yako yote. Kwa nini hii, na kwa nini sasa?"

Hapo mama mkwe akafungua mkoba, akaufunga.

"Nina mkamwana nyumbani," alisema. "Anaomba kazi zinazomzidi kimo. Kila wakimkataa anarudi, anatusimulia anavyoaibika, tunacheka, anakula, na asubuhi yake anapiga pasi koti anakwenda kuomba kubwa kuliko ile. Nilikuwa namwambia hana haya. Nilimsema sana. Siku moja nikawa nimekaa na cherehani yangu nikajiuliza, hivi mimi namsema kwa sababu hana haya, au kwa sababu mimi sikuthubutu?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nikaona tangazo lilelile alilokuwa analisoma. Nikaomba. Na yeye nikamtafutia kazi ya kuku, aje hapa na woga, asije akanipita. Hilo si zuri, najua. Lakini hii ni mara yangu ya kwanza kumwomba mtu kitu, na mnisamehe kama sijui kinavyoombwa."

Akanyanyuka, akashukuru, akatoka. Mimi nilikuwa nimeinamia wasifu wa mtu, sijui wa nani, na maandishi yote yalikuwa yameungana. Hasira ilinipanda, ya kuku, na palepale ikavunjwa na kitu kingine ambacho nashindwa kukiita jina lolote ila mapenzi.

Wakaanza kujadili. Mzee wa Mashine alimtaka mama wa mapazia, na alikuwa tayari kupigana. Bwana Utumishi alimtaka wa vigae, hata kabla hajafika, kwa sababu ya ile sauti. Wa tai nyekundu na wa machozi hakuna aliyewataja tena. Wakabishana mpaka kalamu ya sikioni ikaanguka.

"Nendeni mkanywe chai," alisema Mkurugenzi. "Niacheni na Mtaalamu. Kura yake ndiyo itakayoamua."

Wakatoka. Mlango ukafungwa. Mkurugenzi akajimiminia maji, akanywa, akaweka bilauri chini.

"Mtaalamu tuliyemwalika alinipigia simu asubuhi," alisema. "Ana homa. Haji."

Nikauvuta mkoba wangu kifuani.

"Ulijua," nikasema. "Tangu mwanzo?"

"Nilijua wewe si yeye. Kwamba ni wa vigae, nilijua mkoba ulipoimba."

"Nisamehe mama. Nilikaa vibaya, halafu nikashindwa kuinuka. Naondoka sasa hivi."

"Kaa." Alikuwa anajizuia kucheka, na hakufanikiwa, mabega yakaanza kumtikisika. "Kuku! Nimesaili watu miaka mingi, sijawahi kuona mtu anatolewa jasho na kuku. Kazi hii ni ya kukaa kwenye kona ngumu bila kukimbia. Nilitaka kuona utafika wapi. Na kura yako bado naitaka."

"Kura yangu ya nini tena?"

"Nimebaki na watu wawili, na hakuna humu ndani anayewajua kuliko wewe. Yule mama ni nani wako? Usinidanganye, shikamoo ile haikuwa ya mgeni."

"Mama mkwe."

"Nilifikiri hivyo. Basi niambie. Nafasi ni moja."

Jamani, kazi ilikuwa mezani pale. Kazi yenyewe, yenye kiti na mlango wa kutazama. Nilihitaji kusema tu "mimi". Kuku wanafutika, mume wangu ananiheshimu, mama mkwe anarudi kwenye cherehani na hakuna anayejua. Nilijaza pumzi kabisa.

Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Nje mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, amevua kiatu kimoja kinachombana. Mtu akipita anakivaa haraka, ananyoosha mgongo na kutabasamu, hata kama aliyepita ni mfagiaji. Kisha anakivua tena.

Mimi kukataliwa nimekuzoea. Nimekataliwa benki, nimekataliwa bwawani nikiwa nimelowa. Narudi nyumbani, nasimulia, nakula. Yeye hiyo ingekuwa ya kwanza, na nilijua asingesimulia mtu. Angelikunja lile gauni la kijani, akalirudisha sandukuni, basi.

"Mchukue mama," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie. "Mchukue mama wa mapazia. Na asiambiwe kwamba nimesema mimi."

Mkurugenzi akafungua mlango akaita.

Mama mkwe aliingia na kiatu kimoja mkononi, amesahau. Alipoambiwa kazi ni yake, alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Akamuuliza Mkurugenzi kama ana hakika hawajamchanganya na mtu mwingine. Kisha akapiga kigelegele kirefu hivi kwamba Mzee wa Mashine na Bwana Utumishi walirudi mbio na vikombe vyao, na mimi nilikuwa nalia na kucheka na sikujua ni kipi nilichoanza nacho.

"Kuna jambo moja la kumaliza," alisema Mkurugenzi. "Meneja wa Malalamiko ana msaidizi. Mtu wa simu. Kwa utaratibu wetu, msaidizi anachaguliwa na meneja mwenyewe, mimi siingilii. Ila ningependekeza huyu hapa." Akaniwekea mkono begani. "Ndiye wa vigae."

Kikombe cha Bwana Utumishi kikaanguka.

Mama mkwe akavaa kiatu chake. Alikivaa taratibu, akakifunga kamba, akajinyoosha. Akakung'uta gauni la kijani. Akanitazama kuanzia nyayo, akapanda na magoti, akapita koti, akafika kwenye nywele akakaa hapo kitambo. Hakuwa tena mama wa mapazia. Alikuwa meneja, tena meneja wa siku nyingi.

Nikamtazama kwa macho ya mtoto wa kwake. Nikatabasamu. Nikajaribu hata kukonyeza.

Meneja akamgeukia Mkurugenzi.

"Ana sifa gani?" akauliza.